Kama DNA ni ileile, ni nini kinachoiambia seli isome jeni ipi?

Mwalimu wa Biolojia, Tukuyu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha kidato cha sita, na wiki iliyopita mwanafunzi wangu aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka. Nilikuwa nimeeleza kwamba seli ya ini na seli ya ngozi za mtu mmoja zina DNA ileile, kwa kuwa zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Akasimama akauliza: kama kitabu ni kimoja, ni nani anayeiambia kila seli isome ukurasa gani? Nikamweleza habari za promota, yaani kipande cha DNA kilicho mwanzoni mwa jeni, mahali ambapo kimeng'enya kinachonakili jeni ili protini yake itengenezwe hujishikiza. Lakini promota nayo imo katika seli zote, kwa hiyo nilisogeza swali mbele bila kulimaliza. Naomba msaada, na ikiwezekana kwa mfano ambao mtoto wa Rungwe atauona kuwa ni wa kwao.

Mtaalamu wa maabara, Iringa

Mwalimu, pokea salamu. DNA ni ileile, ila protini zinazoisoma hutofautiana. Kila aina ya seli ina mkusanyiko wake wa protini za udhibiti, na kila moja hutambua mfuatano mfupi wa herufi za DNA, ikajishikiza hapo na kuharakisha au kuzuia kunakiliwa kwa jeni. Pale ambapo protini inayohitajika haipo, au DNA imeviringwa kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi kwenye kibiringo, kwa kubana kiasi cha kutofikika, jeni hukaa kimya ingawa haina kasoro yoyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika damu yetu wenyewe. Chembe nyekundu za Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hazina protini iitwayo Duffy, ilhali jeni yake ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja ya promota, T ikawa C, nayo iko mahali hasa ambapo protini ya GATA1 hujishikiza katika seli zinazozaa chembe nyekundu. GATA1 ikikosa pa kushika, jeni hainakiliwi. Hata hivyo, seli za kuta za mishipa midogo ya damu ya mtu huyohuyo huendelea kutengeneza Duffy, kwa sababu zenyewe hazihitaji GATA1 kwa kazi hiyo. Kimelea Plasmodium vivax hutumia Duffy kama mlango wa kuingilia chembe nyekundu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya malaria ya aina hiyo kuwa adimu katika sehemu kubwa ya Afrika, huku Plasmodium falciparum, chenye milango mingine, kikiendelea kutuumiza.

Mwalimu wa Biolojia, Tukuyu

Nashukuru sana, herufi moja, na katika seli za aina moja tu! Limebaki jambo moja. Vipande vya DNA vya udhibiti vinavyoitwa enhansa huweza kuwa mbali mno na jeni vinayoiamsha. Vinaifikiaje?

Bwana shamba, Uyole

Hapo niruhusuni niingie na mahindi. Mhindi ulitokana na nyasi ya Mexico iitwayo teosinte, yenye matawi mengi kama kichaka, na wakulima wa huko walianza kuibadili yapata miaka 9,000 iliyopita. Tofauti kubwa ya umbo imetokana na jeni iitwayo tb1, ambayo huzuia machipukizi ya pembeni. Katika mhindi jeni hiyo hufanya kazi karibu mara mbili ya ilivyo katika teosinte, na sababu yake ni kipande cha DNA kilichojipachika takriban herufi 60,000 kabla ya jeni. Kipande hicho kilikuwapo hata kabla ya kilimo. Waliokisambaza ni wale walioendelea kuchagua mbegu za mimea yenye shina moja.

Kuhusu umbali, chukua uzi wa sweta, ufunge mafundo mawili yaliyoachana mita kadhaa, kisha uuachie ujikunje mezani. Mafundo yatakaribiana, hata kugusana. DNA nayo hujikunja ndani ya kiini, na protini zilizoshika enhansa hukutana na zile zilizoshika promota.

Mtaalamu wa maabara, Iringa

Uzi huo utumie pia kwa mfano wa maziwa, Mwalimu, kwa kuwa Rungwe ni kwa wafugaji. Kwa watu wengi duniani, jeni ya laktezi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, hupunguza kazi baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, ulionyesha kwamba herufi C badala ya G, takriban herufi 14,000 kabla ya jeni hiyo, huifanya iendelee kufanya kazi ukubwani. Herufi hiyo imo ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, wala haibadilishi laktezi yenyewe hata kidogo. Wanafunzi wako wasidhani kwamba asiye nayo ni mgonjwa. Mwili wake unafuata tu mpangilio wa kale, na mara nyingi mtindi hautamsumbua kama maziwa mabichi, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.