Mjadala: Je, mshtakiwa anayeonekana kwenye skrini yupo mahakamani?

Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani nchini Tanzania, alikataa kushiriki kwa njia ya mtandao kutoka gerezani katika kesi zilizokuwa zikimkabili, akitaka apelekwe mwenyewe mahakamani Kisutu, Dar es Salaam. Tangu wakati huo nasikia hoja kwamba sura ya mshtakiwa ikionekana na sauti yake ikisikika, basi amehudhuria, na mafuta ya karandinga, gari la kubebea mahabusu, yameokolewa. Naipinga hoja hiyo, bila kuingia katika kesi yake yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoguswa na utaratibu huu ni mahabusu ambao hakuna gazeti linalowaandika.

Siku ya kutajwa kesi, ambapo ushahidi hausikilizwi, mtandao hauna ubaya. Kumtoa mtu gerezani alfajiri, akae chumba cha mahabusu hadi mchana, kisha aambiwe upelelezi haujakamilika, ni mateso yasiyomfaidi yeyote.

Kusikiliza ushahidi ni jambo jingine. Shahidi anapodai kwamba alimtambua mshtakiwa usiku kwa mwanga wa taa ya dukani, anayejua kuwa taa ile iliungua wiki nzima ni mshtakiwa, si wakili wake. Akiwa kizimbani atampa wakili ishara au kikaratasi, na swali la dodoso, yaani la kumbana shahidi, litaulizwa kabla shahidi hajaondoka. Akiwa gerezani mbele ya kamera, askari magereza yuko pembeni, atamnong'oneza nani? Hati ya kukamata mali ikipokelewa kuwa kielelezo, hawezi kuishika, kuigeuza na kuikagua sahihi inayodaiwa kuwa yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(2)(f), inampa mshtakiwa haki ya kuwapo kesi yake inaposikilizwa, isipokuwa mwenendo wake ukifanya kesi ishindwe kuendelea. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu bila kutamka kuwapo, na hapo ndipo naona pengo.

Wapo wanaosema kwamba haki hii ni ya mshtakiwa, hivyo anaweza kuiachia. Nakubali, lakini tutazame ni nani huruhusiwa kuiachia. Ibara ya 63 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague, inasema mshtakiwa atakuwapo wakati wa kesi yake. William Ruto, akiwa Naibu Rais wa Kenya, aliyekuwa akishtakiwa katika mahakama hiyo, aliomba asilazimike kuhudhuria kila kikao. Oktoba 2013 majaji wa rufaa waliutengua uamuzi uliokuwa umemruhusu kukosa sehemu kubwa ya vikao, mwezi uliofuata nchi wanachama zikaongeza kanuni mpya, na Januari 2014 akaruhusiwa kwa masharti. Mkubwa aliomba asifike na kanuni zikaongezwa kwa ajili ya watu wa cheo chake. Mahabusu anaomba afikishwe na anajibiwa kwamba gari halina mafuta. Hilo linaniuma.

Napendekeza sheria itamke wazi kwamba ushahidi hautasikilizwa kwa mtandao ila mshtakiwa akiridhia kwa maandishi, baada ya kuzungumza na wakili wake faraghani, na kwamba aweze kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Mnaoona gharama hazibebeki, elezeni: mshtakiwa asiye na wakili kabisa, ambaye lazima amhoji shahidi mwenyewe, atafanyaje hivyo picha ikikwama?