Naomba ushauri: naandika 010, programu inachapa lebo 8

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nimeandika kwa lugha ya C kiprogramu cha kuchapa lebo za magunia ya dagaa kwa mama mmoja anayeuza pale Mwaloni, Kirumba. Unakiendesha kwenye teminali, unakipa --idadi na namba, basi.

Mwanzoni nilitumia atoi, funksheni ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba. Kijana wa stoo akaandika "1O", yaani moja na herufi O. Ikatoka lebo moja, na magunia yalishaanza kupandishwa kwenye fuso! atoi hailalamiki kabisa. Ukiipa "abc" inarudisha 0 kimya kimya.

Nikahamia strtol, ambayo nayo inageuza maandishi kuwa namba ila inakuonyesha makosa, na besi 0 (yaani itambue yenyewe mfumo wa namba). Huyo huyo kijana (ana mambo yake) akaandika 010, zikatoka lebo 8. Kumbe sifuri ya mbele inaifanya isome kwa besi ya nane. Hilo nimelimaliza, nimeweka besi 10, ile ya kawaida.

Sasa errno (panapoandikwa kosa) naiweka 0 kabla ya kuita strtol, baadaye naangalia kama imekuwa ERANGE, yaani namba imezidi kiwango. Endptr (inaonyesha strtol ilipoishia kusoma) ikibaki pale mwanzoni, au *endptr isipokuwa '\0' (mwisho wa maandishi), nakataa. Lakini long (aina ya namba inayorudishwa na strtol) kwangu ni biti 64 na int, ninayowekea idadi, ni 32, kwa hiyo 3000000000 inapita vizuri halafu inaharibika nikiiweka kwenye int. Nilinganishe na INT_MAX (namba kubwa kabisa inayoingia kwenye int) kwa mkono, au kuna njia safi zaidi? Nilijaribu strtoul, ndugu yake strtol wa namba zisizo na alama ya hasi, ili kuzuia hasi, ikapokea "-1" na kunipa 18446744073709551615. Nikachoka.

Na " 5" yenye nafasi mbele, nyie mngeipokea?