Mrejesho: FHSA haina zile siku 60 za RRSP

Ndugu, niliuliza kama FHSA, akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza huku Kanada, nayo inapewa siku 60 za nyongeza za kuchangia baada ya mwaka kuisha, kama RRSP, akaunti ya akiba ya uzeeni. Asanteni sana kwa majibu. Nimeyahakiki.

Haipewi. Kwa mwaka wa kodi 2025, mwisho wa kuchangia RRSP ni 2 Machi 2026, lakini mwisho wa kuchangia FHSA ni 31 Desemba 2025. Nafasi ya kuchangia dola 8,000 huanza kuhesabiwa mwaka unaofungua akaunti, si kabla. Basi ifungue Desemba hata kama huna cha kuweka: nafasi isiyotumika, hadi dola 8,000, huhamia mwaka unaofuata. Kisha ujaze Jedwali la 15, fomu ya FHSA, kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka uliofungua akaunti, hata kama hukuweka senti. Wengi hulisahau hili, na ni kosa linaloepukika kabisa.

Kuhusu TFSA, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi: unayetaka kutoa pesa, toa kabla ya mwaka kuisha, maana nafasi ya kuziweka tena hurudi 1 Januari inayofuata. Ukitoa 2 Januari, utasubiri karibu mwaka mzima. Ukizirudisha mapema bila nafasi nyingine, ziada hutozwa asilimia 1 kwa mwezi.

Mwisho wa kuwasilisha ritani ni 30 Aprili. Aliyejiajiri ana hadi 15 Juni, ila deni lake linatakiwa lilipwe 30 Aprili. Baada ya hapo riba inaanza.