Mjadala: Mkimbizi apewe nguzo za karatasi kwa sababu hawezi kuziuza?

Mleta mada

Wakuu, naileta hoja hii tuijadili kwa utulivu, maana inagusa watu wengi wa ukanda wetu.

Shigeru Ban, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1957, ni msanifu majengo anayejenga kwa mabomba ya karatasi ngumu, yale yale yanayobaki dukani jora la kitambaa likiisha. Alianza kuyatumia mwaka 1986 kupamba ukumbi wa maonyesho ya kazi za Alvar Aalto, msanifu wa Finland, kwa sababu mbao zilikuwa ghali na maonyesho yakiisha zingetupwa. Mwaka 2014 akapata Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu wengi hawaoni kubwa kuliko hiyo. Habari zake nyingi zinaishia hapo: kanisa la boksi alilolichora New Zealand, picha nzuri, basi.

Mimi nawarudisha 1994. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya milioni 2 walivuka mipaka kuingia Zaire (sasa Kongo), Tanzania na Burundi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwagawia turubai za mita 4 kwa 6, nguzo wakajikatie wenyewe. Miti ikateketea. Ili kuinusuru, zikaletwa nguzo za alumini. Wakimbizi wakaziuza, wakarudi porini na mapanga. Ban akafunga safari hadi Geneva kuishawishi UNHCR itumie karatasi. Wakamchukua kuwa mshauri, vibanda vya mfano vikapimwa gharama, uimara na kustahimili mchwa, na mwaka 1999 vikajengwa 50 katika kambi ya Byumba, Rwanda.

Sifa moja iliyolibeba bomba la karatasi ni kwamba halina mnunuzi. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu akiuza nguzo iliyoshikilia paa la watoto wake, ana shida kubwa kuliko paa: dawa, chumvi, nauli ya kumtafuta mkewe. Alumini ilikuwa imetuonyesha shida hiyo. Badala ya kuuliza wanahitaji nini, tukatafuta kitu wasichoweza kukigeuza pesa. Karatasi siipingi hata kidogo. Nauliza kama ni haki kumchagulia mtu vifaa vya nyumba kwa kigezo hicho.

Mngara

Mleta mada, umemsemea mwenye kuuza nguzo, niruhusu nimsemee mwenye msitu.

Sisi wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda, hatusimuliwi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikageuka mji kabla vyoo havijachimbwa. Hakuna wa kuwalaumu, walikuwa wanakimbia kifo. Lakini kila familia ilitaka miti ya kibanda na kuni za kupikia, na maharage makavu yanakula kuni kweli kweli. Haikuchukua muda akina mama, wenyeji kwa wageni, wakawa wanatembea umbali wa kutisha kutafuta mzigo mmoja.

Msitu ule ulikuwa na wenyewe. Alumini ikiuzwa sokoni, anayelipa ni mwanakijiji ambaye hakuitwa kwenye kikao chochote. Mtu akibuni nguzo isiyotoka porini na isiyomtamanisha mlanguzi, mimi namshukuru, na sioni amemdhalilisha nani.

Mkadiriaji

Mnazungumza kana kwamba vibanda hivyo vilienea. Ni 50, tena vya majaribio, kwa janga la watu milioni 2. Kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo, na swali langu huwa moja: baada ya kile cha mfano, cha elfu moja kinatoka wapi? Wazo la Ban lilikuwa mabomba yatengenezwe karibu na kambi kwa mashine nyepesi. Ni wazo zuri, lakini UNHCR iliendelea na turubai.

Tazameni pia Christchurch, New Zealand. Tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185 na kubomoa sehemu ya kanisa kuu. Ban akachora la muda bila kudai malipo, na hilo nampa heshima yake. Lilifunguliwa mwaka 2013, linaingiza watu 700. Lakini mabomba yaliyopatikana kule hayakuwa na nguvu ya kutosha, ikabidi yatiwe mbao ndani. Juu kuna paa la plastiki ngumu, chini sakafu ya zege, ubavuni kontena za chuma. Linaitwa kanisa la boksi, ila mzigo unabebwa na vingine. Tusiuzie kambi sifa za jengo la namna hiyo.

Binti wa Kambini

Kaka Mkadiriaji, hesabu zako nimezielewa, lakini nimekulia chini ya turubai na kuna kitu hakimo humo. Turubai mchana huwezi kukaa ndani, usiku linatoa jasho na matone yanakuangukia usoni. Jua likilipiga muda mrefu linachanika kwenye mikunjo kwanza, pale linapokaza juu ya mti, na mama anashona kiraka juu ya kiraka. Ukuta mgumu, wa kubishia hodi, ni kitu kikubwa sana kwa mtoto.

Kwa hiyo someni habari za Kobe, Japani, ya 1995. Baada ya tetemeko, Wavietnamu waliokuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya viatu vya mtaa wa Nagata waligoma kuhamia nyumba za serikali zilizokuwa mbali, kwa sababu kazi ingewapotea. Ban aliwafuata kwenye bustani walikopiga mahema. Msingi ulikuwa kreti za bia zilizotiwa mifuko ya mchanga, kuta ni mabomba ya karatasi yenye kipenyo cha milimita 106, na waliojenga ni watu wa kujitolea pamoja na wenye shida. Kanisa lao la karatasi lilidumu miaka 10, kisha likafunguliwa vipandevipande na kupelekwa Taiwan, likasimamishwa upya.

Kobe walianza na neno la watu: hatuondoki hapa. Nyenzo ikaja baadaye. Rwanda nyenzo ilitangulia.

Mleta mada

Dada, umelisema vizuri kuliko mimi. Mngara, msitu nakupa, ila mwenyeji na mkimbizi wote wawili hawakuulizwa, na hilo halitibiwi na aina ya nguzo.

Mwaka 2017 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, lilimwita Ban achore nyumba za makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Turkana, Kenya, na yeye mwenyewe akasisitiza vifaa vinavyopatikana pale pale na ujenzi usiohitaji usimamizi mwingi. Huko huko UNHCR imeendesha mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu wajenge nyumba za kudumu, wachague fundi na wanunue vifaa wenyewe. Mimi naunga mkono njia hiyo ya pili, na msanifu mwenye tuzo aje kama mshauri wa mwenye nyumba.

Walioko Kalobeyei na kambi jirani ya Kakuma wachangie: ukipewa fedha leo ujenge, utaanza na nini?