Rangi mpya juu ya rangi kuukuu: nikwangue yote au nipake juu kwa juu?

Kibokoni_ndani
Assalam alaykum wakuu. Chumba kiko Mji wa Kale, Mombasa, mita 4 kwa 3, kimo mita 3. Kuta tatu zina rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Ukikwaruza kwa ukucha yabanduka kama ganda la kitunguu. Ukuta wa nne, wa upande wa uchochoro, rangi imevimba na inamwaga unga mweupe kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Fundi mmoja ataka kupaka juu kwa juu, mwengine asema kwangua hadi mawe. Nimsikize nani?

FundiMsasa
Waalaykum salaam. Hakuna jibu moja kwa kuta zote. Nianze na zile tatu.

Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta yanayong'aa, kwa sababu uso ule ni laini kama kigae na hauna pa kujikita. Ukiongeza koti jengine, uzito na mvuto wake linapokauka utalivuta lile la chini litoke nalo. Kwa hivyo tabaka la maji lote lililolegea litoke. Lile la mafuta, likiwa limeshika, liache lilipo.

Hakikisha kwanza. Chovya kitambaa kwenye spiriti ya duka la dawa, usugue mahali pamoja. Rangi ya maji hulainika na kuchafua kitambaa, ya mafuta haitingishiki. Kisha kata alama ya X kwa wembe hadi kwenye plasta, bandika selotepu, ikandamize vizuri, uivute kwa nguvu. Jaribu sehemu tano au sita: juu, chini, pembeni, karibu na dirisha. Mahali rangi inapofuata tepu ndipo pa kukwangua.

Ukishakwangua, osha mafuta ya mikono na moshi wa jiko kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke. Piga msasa namba 120 hadi mng'aro wote ufe, kisha 180 kulainisha kingo za mabaka. Nyumba kuukuu kama hiyo, rangi ya mafuta ya chini huenda ina madini ya risasi, basi tumia msasa wa maji, ukuta ukiwa umelowa. Usipige mkavu, na watoto wasikae humo mpaka vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ziba mashimo kwa filla (unga wa kuzibia), halafu andakoti ya mafuta (rangi ya chini ya kushikisha) koti moja, ngoja saa 24, ndipo rangi ya maji makoti mawili.

Usiiruke andakoti juu ya filla. Filla hunywa rangi kuliko ukuta, na mabaka yataonekana kila jua likiingia kwa ubavu.

ChokaaNaMatumbawe
Ukuta wa nne msiuguse na andakoti ya mafuta, tafadhali! Huo unga ni chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, na maji yakifika usoni hukauka hewani, chumvi ikabaki na kukua nyuma ya rangi hadi iisukume. Ukiuziba kwa mafuta au plasta ya saruji, unyevu utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Toa rangi yote, na plasta ya saruji kama ipo, hadi sentimita 30 juu ya alama ya chumvi. Piga unga kwa brashi kavu na uuzoe. Ukiuosha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi. Kisha plasta ya chokaa, kipimo 1 kwa mchanga 3 usio wa baharini, na juu yake chokaa nyepesi, makoti manne au matano membamba, ukuta ukinyunyiziwa maji kabla ya kila koti. Chokaa hiyo haishiki juu ya rangi ya maji, ndiyo maana lazima yote itoke. Na angalia uchochoroni: mfereji uliopasuka hapo utaiharibu kazi yote hii.

Bi_Tudor
Niongeze kuhusu ukungu mweusi, maana pwani haukosi. Jiki sehemu 1, maji sehemu 3, acha dakika 15, suuza. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Ukungu ukipakwa juu hutokeza tena.

Saa 24 za FundiMsasa ni za kiangazi cha kaskazi. Mvua za Aprili na Mei, andakoti ipe siku mbili.

Vipimo: mzunguko mita 14 kwa kimo 3 ni mita mraba 42. Ondoa ukuta wa chokaa, tuseme ni ule wa mita 4, zabaki 30. Mlango na dirisha zikitoka, kama 26. Makoti mawili ni 52, na lita moja hupaka kama 10. Makopo mawili ya lita 4 yatatosha na kubaki. Yanunue pamoja, namba ya mchanganyiko iwe moja kwenye vifuniko vyote viwili, na uyachanganye ndooni kabla ya kuanza.

Kibokoni_ndani
Ahsanteni sana. Tepu nimebandika: kuta tatu zote yabanduka isipokuwa juu ya mlango. Mfereji wa jirani unavuja kweli, ndio naanza nao.