Jina la Kizungu, babu wa Kisauni: tuanzie wapi?

Wapwani wenzangu, salamu kwa nyote. Nimechoka kuulizwa. Kazini, shuleni kwa watoto, hata kwa daktari: “Jina hili, mumeo Mwingereza?” Mume wangu ni wa Kisauni, Mombasa, baba yake wa Kisauni, na jina lao ni la Kiingereza tupu, sitaliandika hapa. Marehemu baba mkwe alikuwa akisema “sisi watu wa misheni”, basi. Kuna aliyewahi kufuatilia? Tuko Leeds.

*

Dada wa Leeds, pole na maswali. Mzee alikuachia nusu ya jibu. Misheni ya Kisauni ni Freretown, iliyoanzishwa na CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza) baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Wenyeji wake wa mwanzo wengi walipitia India: watoto waliokombolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, wakashushwa Bombay, wakasomeshwa na kubatizwa Nasik. Majina yalitoka huko. Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa 1935, alizaliwa Myao akiitwa Chengwimbe. Jacob Wainwright, aliyesoma sala moyo wa mvumbuzi David Livingstone ulipozikwa, Myao vilevile. William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi 1885, ni wa kundi hilohilo. Kwa hiyo msitoe hata senti kwa tovuti za koo za Waingereza.

Wala msidhani kila mwenye jina hilo ni ndugu yenu. Jina lilitolewa kwenye ubatizo, na kizazi kilichofuata wengi walishika jina la baba kama ilivyo desturi yetu pwani. Mtoto wa George akawa fulani George, mjukuu akawa kitu kingine, mpaka vipande vya utambulisho na vyeti vilipokuja vikaligandisha lililokuwapo siku hiyo.

Piga simu kwa mawifi kwanza, kabla ya makaratasi yoyote. Uliza babu alibatizwa wapi, Freretown au Rabai, misheni nyingine ya CMS karibu na Mombasa. Tofauti ni kubwa. Rabai ilijaa watoro wa mashamba ya pwani, na mwanzoni mwa 1889 karibu watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Wengi wa hao India hawakuiona, na bwana wao wa zamani huenda alikuwa wa Mombasa au Takaungu.

*

Mimi niko Toronto. Vipi kipimo cha DNA? Tulikuwa na mpango wa kununua.

*

Nunueni mkipenda, ila kitawapa eneo pana tu, pengine upande wa Ziwa Nyasa na Msumbiji. Jina hakitawapa.

Dada, barua na ripoti za CMS ziko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham, na mimi naishi humuhumu mjini. (Kama ukoo ungekuwa wa Mbweni au Kiungani, Unguja, ningekutuma Oxford, maana karatasi za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, ziko maktaba ya Bodleian.) Wamisionari waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyoyapokea, kwa hiyo njoo na kila tahajia unayoweza kuifikiria. Weka miadi mapema, ueleze unataka miaka gani. Usisahau kitambulisho chenye anwani, na penseli. Kalamu ya wino utaiacha mlangoni.