Wauza SACD, mnatupiga bei mara tatu halafu tunasikiliza CD ileile

Wakuu, leo sinyamazi. Kuna hawa wauza diski za muziki wa "ubora wa juu" hapa mjini, zile za SACD (Super Audio CD, diski inayofanana na CD lakini yenye rekodi ya kina zaidi), wanachofanya ni wizi wa mchana kweupe.

Nilimwambia muuzaji kabla sijatoa hela ya SACD: nyumbani nina deki ya kawaida ya DVD, amplifaya na spika mbili, basi. Akajibu, "Bosi, wewe weka tu, utasikia mwenyewe." Nimeweka. Kwenye kioo cha deki pametokea herufi mbili: CD. Nyingi ya diski hizo zina matabaka mawili, la SACD na la CD, na mwanga wa deki ya kawaida hupenya lile la SACD kana kwamba halipo, ukaenda kusoma la CD lililo nyuma yake, upande wa lebo. Yaani nimelipa mara tatu kusikiliza CD, na aliyeniuzia alijua!

Nimerudi dukani, eti ninunue deki ya SACD. Sawa, nikishainunua? Waya wa optiko (ule wa mwanga) hautoi sauti ya SACD, kwa sababu Sony na Philips walipoileta mwaka 1999 waliifunga isinakiliwe. Utafute waya wa HDMI au utumie zile waya za RCA nyekundu na nyeupe. Hapo duka zima hakuna aliyelitaja hilo, ila bei ya deki wanaijua kwa kichwa.

Na tuseme umeunga vyote. CD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, hivyo inabeba sauti nyembamba hadi karibu kilohezi 22. Sikio zuri la kijana linaishia kilohezi 20, sisi wenye umri wetu hata huko hatufiki. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran kule Marekani walichapisha jaribio lao: watu wanasikiliza SACD na DVD-Audio (diski nyingine ya ubora wa juu), kisha sauti ileile inapitishwa kwenye kiwango cha CD, wataje ipi ni ipi bila kuonyeshwa. Majaribio 554, waliopatia 276. Ni kurusha shilingi tu!

Msinielewe vibaya, zipo SACD tamu kuliko CD ya albamu hiyohiyo. Hata hao watafiti walilisema. Lakini utamu unatoka kwa fundi wa studio aliyeimasta (aliyeandaa nakala ya mwisho ya rekodi) kwa utulivu, wakati ya CD imebanwa ipige kelele mwanzo mwisho, ngoma na sauti ya mwimbaji vyote kimo kimoja. Masta ile nzuri ingeingia kwenye CD ya kawaida bila shida yoyote. Hawataki tu.

Halafu kuna SHM-CD za Japani, data ileile, plastiki tofauti, bei juu. Hizo hata sizijadili.

Wauzaji mpo humu, nawajua mnasoma. Njooni mseme kwa nini hamwulizi mteja ana deki gani kabla ya kupokea hela yake. Na mimi nataka yangu irudi.